Taa za Buluu kwenye Kona ya Baba Mkwe

Mimi nimeumbwa na mdomo, sikatai. Mama alikuwa akisema nilianza kubisha kabla sijaanza kutembea. Sasa mtu wa namna hiyo mwozeshe kwenye ukoo ambao mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni, haongei naye, wala hakutani naye njiani. Halafu mpe pikipiki. Hapo umeshatengeneza kesi.

Niliolewa Kinyala nikitokea Msasani, pale pale Tukuyu mjini. Sisi tulikuwa Wanyakyusa wa mjini, mila nyingi tunazijua kwa kuzisikia. Kumbe huku kwa mume wangu walikuwa bado wamezishika kwa mikono miwili. Nimefika tu, hata masanduku sijayafungua, shangazi wa mume wangu, ambaye ni dada yake baba mkwe, akanikalisha jikoni akanipa somo. Ukimwona baba anakuja, unatoka njiani, unaingia migombani, unageuza uso mpaka apite. Akiwa uani, wewe uani huingii. Ukiwa na neno la kumwambia, unaniambia mimi.

"Na yeye akiwa na neno la kuniambia?"

"Ataniambia mimi."

Nikacheka. Shangazi hakucheka.

Na msidhani mzee alikuwa mkali. Wala! Alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, mgane wa miaka mingi, anafuga ng'ombe wake na kuwaimbia akiwakamua. Nilikuwa namsikia kwa mbali. Wenzake wa rika lake walikuwa wameshalegeza, wanakunywa chai na wakamwana zao bila neno. Yeye alisema baba yake alimlea hivyo na hajaona ubaya wake. Kwa hiyo alinikimbia mimi kama mimi nilivyomkimbia yeye. Mara ngapi nimetoka kuchota maji, yeye anatoka zizini, wote tunageuka mbio, kila mtu na upande wake, ndoo zinamwagika. Majirani walikuwa wanakaa kutuangalia kama mpira.

Basi tukaishi hivyo, mpaka ikaja pikipiki.

Mume wangu alikuwa anaendesha Fuso la ndizi, leo yuko Dar, kesho yuko Makambako, nyumbani anakuja akipata nafasi. Mimi nilibaki na ng'ombe wetu na shamba la viazi. Maziwa tulikuwa tunapeleka kituo cha kukusanyia, kule chini kwenye lami. Nilikuwa nayabeba kichwani, mlima kushuka, mlima kupanda, mvua inanyesha, na mvua ya Rungwe inajulikana, haiulizi ni mwezi gani. Ukichelewa kituoni wanayakataa. Unarudi nayo yameanza kuganda, shingo inauma, huna hata wa kumtukana.

Miaka ile ndiyo pikipiki za Kichina zilikuwa zinamwagika nchini. Baba mkwe, nasikia, alikuwa akishangaa sana. Zamani yeye kununua baiskeli tu aliomba kibali akasubiri mpaka nusura akate tamaa, na sasa vijana wananunua pikipiki kama wananunua sukari. Soko huria hilo. Kila bidhaa ipo, kazi kwako mfukoni. Mume wangu akamkuta kijana mmoja wa bodaboda Tukuyu anauza yake apate mpya, akainunua, akaniletea. Akanifundisha kwenye uwanja wa shule. Nilianguka, nikaamka, nikamlaumu yeye, nikaanguka tena, nikajua.

Niliipenda ile pikipiki. Nasema wazi, maana wengine wanapenda mtu wakashindwa kusema. Niliipenda kwa sababu ilinipa asubuhi yangu. Maziwa yakawa yanafika mabichi, naweka keni, napokea stakabadhi yangu, narudi kabla jua halijapanda. Nikanunua mbegu nzuri. Nikaanza hata kunenepa. Mwanamke juu ya pikipiki kule Kinyala lilikuwa jambo la kusimamisha majembe, lakini mimi kutazamwa hakujawahi kunipunguzia kitu.

Aibu yangu ilikuwa moja, zile taa. Yule kijana alikuwa ameipamba kama bibi harusi. Alibandika mkanda wa taa ndogondogo za buluu chini ya tangi, mwingine chini ya kiti, mwingine tumboni karibu na injini. Ukibonyeza swichi, pikipiki nzima inawaka kama baa ya stendi. Mimi mke wa mtu, nabeba maziwa, nitawashaje disko? Nikasema nitazing'oa. Mume wangu akanizuia, akasema ukizing'oa kwa pupa utaacha waya uchi, zipige shoti betri. Basi nikaziacha, nimezizima.

Sasa asubuhi moja kulikuwa na ukungu. Ukungu wa kwetu unaweza kunyoosha mkono usivione vidole. Nateremka na keni zimejaa, naifikia ile kona iliyo mbele ya kwa baba mkwe. Ni kona mbaya, inakunja kushoto ghafla juu ya kalavati, usukani lazima uukunje mpaka mwisho. Nakunja hivi, namwona mtu na mwavuli katikati ya barabara. Yeye!

Mtu mwingine angefunga breki. Mimi nilifanya nilichofundishwa jikoni na shangazi. Niligeuza uso. Jamani, niko juu ya pikipiki, kwenye kona, na keni za maziwa, nimegeuza uso nyuma kwa heshima! Baba mkwe naye, badala ya kusogea kando kama binadamu, akageuza uso wake na kujirusha kwenye magimbi ya mtaroni. Nilikwenda kusimama kwenye shamba la chai la jirani. Hakuna aliyeumia. Maziwa yalimwagika kidogo. Lakini mzee alitoka mtaroni na suti yake ya ibada ya asubuhi ikiwa na matope mpaka kwenye kola, na dada yake akaja kwangu kabla sijafua kanga.

"Pikipiki iuzwe," akasema.

"Shangazi, iuzwe kwa kosa gani?"

"Mtu wa miguu akimwona mkwe anaingia migombani. Wewe na hilo dude utaingia wapi? Na kaka atakujuaje kama ni wewe? Bodaboda zinapita kutwa, zote zinanguruma hivyo hivyo. Aingie mtaroni kila ikipita moja?"

Hilo la mwisho lilikuwa na maana, hata mimi nikalikubali, jambo ambalo halinitokei mara nyingi. Ndipo mume wangu, ambaye kwa bahati alikuwapo siku hiyo, akakumbuka zile taa. Akasema, "Awashe zile za buluu. Njia hii hakuna mwingine mwenye taa hizo. Baba akiona buluu kwenye ukungu, anajua ni mkamwana, anasubiri ndani ya migomba mpaka apite."

Shangazi akapeleka neno kwa kaka yake, akarudi na neno. Mzee amekubali. Lakini siku atakapokutwa tena barabarani na mkamwana wake bila kuonywa, pikipiki inauzwa na hakuna rufaa. Mimi nikaapa. Kwa hiyo yale madisko niliyoyaonea haya ndiyo yakawa adabu yangu. Kila asubuhi nabonyeza swichi, nashuka Kinyala nikiwaka buluu tupu, mama mwenye heshima zake.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Nikikaribia kona nasikia majani ya mgomba yakichakarika, najua mzee anajificha. Napita nimetazama mbele. Raha mustarehe.

Halafu shangazi akaja, mdomo ameuvuta. "Kaka anasema unamchezea."

"Namchezea vipi?"

"Unakuja unawaka, ukifika kwake unazima. Anaona buluu inashuka, inashuka, halafu giza. Anadhani umeingia kwa jirani. Akitoka, huyo hapo unapita!"

Weee! Damu ilinipanda. Mimi nizime taa? Nizime ili iwe nini? Nikamwambia shangazi mambo ambayo si ya kumwambia shangazi. Alipoondoka nikaenda kwenye pikipiki, nikabonyeza swichi. Inawaka. Nikazima nikawasha, nikazima nikawasha. Inawaka kama kawaida. Shida ni kwamba mwendeshaji mwenyewe hazioni zile taa mchana. Ziko chini yako, macho yako yako barabarani. Wanaoziona ni wengine.

Nikaenda kwa fundi Msasani. Fundi huyu nilimjua tangu nikiwa msichana, Mwislamu, babu yao alikuja kutoka pwani na cherehani yake akalowea Tukuyu. Yeye akaacha cherehani akashika spana. Ana maneno matamu, na kazi anaijua, ila ana majivuno ya kufa mtu. Pale kwake, kama mnavyoijua Tukuyu, hakuna penye tambarare. Kwa hiyo kila pikipiki ikifika anaipandisha stendi mbili, ile miguu ya katikati, na kulibana gurudumu la mbele katikati ya matofali mawili, isije ikateremka yenyewe mpaka sokoni.

Akaibana ya kwangu. Akabonyeza. Ikawaka.

"Wallahi, dada yangu, taa nzima hii."

"Inazima nikifika kwa mkwe."

"Mbona hapa haizimi?"

"Hapa hakuna mkwe!"

Akacheka mpaka akakaa. Lakini akafanya kazi. Akafungua kiti, akabadilisha fyuzi, akakwangua kutu kwenye kichwa cha betri. Nikarudi nyumbani roho nyeupe. Kesho yake shangazi huyo, taa imezima tena pale pale.

Mara nyingine fundi akasema ni maji, mvua ya kwenu inaingia kwenye mkanda. Akachukua birika la udhu, nasema kweli, akazimwagia taa zote maji huku zinawaka. Hazikutikisika. Akapiga kiti ngumi. Akaitikisa kama anamwamsha mlevi. Akawasha injini, akapiga honi, akawasha indiketa zote. Taa zinamtazama tu, buluu. Mwisho akafuta mikono akasema, "Dada, mimi ugonjwa nisiouona sitibu. Hii pikipiki inamwogopa mkwe kuliko wewe mwenyewe." Nilitaka kumpiga na spana yake.

Na kijijini maneno yakaanza. Wengine wakasema nina kiburi cha mjini. Wengine wakasema mzee amezindika kona yake, kitu cha mtu wa nje hakiwaki pale. Mzee wa kanisa! Mimi nikabaki katikati, najua sizimi, na sina wa kunitetea.

Kisha likatokea la mwavuli. Ukungu tena. Mzee kaona buluu, kaona giza, kadhani nimeingia kwa jirani, katoka. Mimi huyo! Akaruka, safari hii upande wa chai, mwavuli ukamponyoka, nikaukanyaga. Gurudumu la mbele na la nyuma. Nilisikia mbavu zake zikivunjika, za mwavuli nasema, na moyo wangu nao ukavunjika, maana nilijua sasa pikipiki imekwenda.

Shangazi aliupeleka mwavuli nyumbani kwake akautunza kama ushahidi. Mume wangu akapigiwa simu. Akaja Ijumaa. Ikapangwa Jumapili baada ya ibada watu wakae, na mwalimu mmoja aliyekuwa anatafuta pikipiki akaambiwa aje aione. Mume wangu aliniambia hayo huku anatazama kikombe chake. Akasema, "Tutatafuta punda." Nikamjibu kwamba punda amtafutie mama yake shangazi. Sikulala vizuri. Nilikuwa naiona ile njia ya mlimani, nimebeba keni kichwani tena.

Jumamosi nikaamka na hasira. Nikafunga keni, nikabonyeza swichi, nikateremka. Ukungu ulikuwa mzito, kila kitu kinadondosha maji. Nilipoifikia kona nikasema leo hapana. Leo hapa hapa. Nikakunja, nikafunga breki juu ya kalavati, nikaipandisha stendi mbili barabarani, nikaunyoosha usukani keni zisilemee upande, nikainama kuchungulia chini ya tangi.

Zinawaka! Zote!

Nikashindwa kujizuia. Nikapaza sauti, na sauti yangu mnaijua sasa. "Si hizi zinawaka! Nani anasema nazima taa? Nani?"

Tone, tone, kwenye migomba. Kisha ndani ya migomba mtu akakohoa. Nikageuka haraka nikautazama ukingo wa barabara, mgongo wangu nimeuelekeza kwake. Nikangoja nisikie majani yakichakarika, mzee akiondoka.

Hakuondoka. Nikasikia sauti, ya taratibu, ya chini, ikisema:

"Ng'ombe wangu, wewe ni shahidi. Imekuja inawaka. Ikakunja, ikazima. Ikanyooka, ikawaka."

Nilitaka kucheka, nikaogopa kucheka. Mzee alikuwa anaongea na ng'ombe wake! Haruhusiwi kuongea na mimi, lakini nani amemkataza kuongea na ng'ombe? Na kweli nilisikia ng'ombe akicheua pale karibu yake. Nikafikiri upesi. Kama yeye ana ng'ombe, mimi pia sikuja mikono mitupu. Nikaishika pikipiki.

"Wewe pikipiki," nikasema, "umesikia unavyosemwa? Eti ukikunja unazima. Ukikunja upande gani?"

"Ng'ombe, barabara hii hapa inakunja kushoto. Kulia hakuna kona."

Kushoto! Mbona sikuwahi kufikiria! Na fundi na matofali yake, amelibana gurudumu limetazama mbele kutwa nzima, angeona nini? Nikaukamata usukani, nikaukunja kulia pole pole.

"Inawaka," mzee akamwambia ng'ombe.

Nikaurudisha. Nikaanza kuukunja kushoto. Mimi uso wangu uko ukingoni, sioni kitu, nasubiri habari kutoka migombani.

"Inawaka. Inawaka. Bado inawaka. Imezima!"

Nikaurudisha.

"Imewaka!"

Nikaukunja.

"Imezima! Ng'ombe, umeona? Nilisema mimi, wakaniona mzee nimechanganyikiwa!"

Hapo ndipo nilipojua kumbe na yeye walimsema. Kumbe sikuwa peke yangu. Yeye anaona taa inazima, watu wanamwambia fundi kaitazama ni nzima, labda macho yako, mzee. Nikamwonea huruma, na hasira yangu yote ikaisha pale pale, kama moto uliomwagiwa maji.

"Pikipiki," nikasema, na sauti imepungua, "sasa nakushika waya mmoja mmoja hapa shingoni, usukani ukiwa umekunjwa. Atakayekuona umewaka aseme."

Nikaukunja kushoto mpaka mwisho, nikaubana kwa kiuno usirudi. Mkono nikauingiza kwenye shingo ya usukani, pale nyaya zote zinapopita kwenda chini ya tangi. Nikaminya wa kwanza.

"Bado."

Nikaminya mwingine.

"Bado."

Vidole vimekufa kwa baridi. Kwenye kituo kule chini wanakaribia kufunga mizani. Maziwa na yagande, nikasema moyoni, leo yagande. Nikaukuta waya mwembamba umefungwa na tepu kwenye chuma, umekazwa kama uzi wa zeze. Nikauminya, nikausukuma kidogo.

"Hapo!" Sauti ikapanda, ikasahau kila kitu. "Hapo hapo! Usiachie, mwanangu! Usiachie!"

Hakukuwa na ng'ombe katika neno lile. Miaka yote ile nimekaa Kinyala, nimempikia chakula kinachopelekwa na mtu mwingine, nimemfulia nguo zinazorudishwa na mtu mwingine, na sikuwahi kusikia neno lake hata moja lililokuja kwangu. La kwanza likawa hilo. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Nilisimama pale nimeshika waya, natazama ukingo wenye majani mabichi, nalia kama mtoto, na kule migombani kwa mzee hakikutoka hata kikohozi.

"Siachii, baba," nikasema.

Nilibandua tepu. Waya kwa nje ulikuwa mzima, mwekundu, mzuri, ndani shaba imekatika. Yule kijana wa bodaboda, wakati anapamba, aliuvuta waya ukawa mfupi akaufunga kwenye shingo. Ukienda mbele, shaba zinagusana. Ukikunja kulia, waya unalegea. Ukikunja kushoto mpaka mwisho, unavutika, shaba zinaachana. Na kona ya kukunja kushoto mpaka mwisho, katika njia yangu nzima, ilikuwa ni hiyo moja. Ya mkwe! Chini ya tangi nikakuta amekunja waya wa kutosha, ameuficha tu. Nikauvuta ukalegea, nikamenya ngozi kwa meno, nikasokota shaba na shaba, nikafunga tepu ile ile na juu yake kipande cha mpira wa tyubu.

Nikaukunja usukani kushoto mpaka mwisho.

"Inawaka," mzee akasema. Alikuwa amerudi kwa ng'ombe. "Inawaka, ng'ombe wangu. Inawaka kabisa."

"Ndaga fijo," nikaishukuru pikipiki, nikaipiga kiti kofi la mapenzi, nikaondoka mbio. Kituoni nilifika wa mwisho. Mpimaji alinuna, akayaonja, akayapokea.

Jumapili watu wakakaa kwa baba mkwe. Yeye yuko ndani na wanaume, mimi niko nyuma ya jiko na wanawake, shangazi anapita katikati na maneno, mwavuli uliovunjika mkononi. Yule mwalimu mnunuzi yupo, anaizunguka pikipiki, anaminya matairi. Shangazi akaingia ndani kulisoma shauri. Hakukaa sana. Alitoka amekunja uso kwa namna nisiyowahi kuiona.

"Kaka anasema pikipiki haiuzwi," akasema. "Ugonjwa umeonekana na umepona."

"Ahsante Mungu!" nikasema.

"Nimemuuliza, nani kauona? Fundi wa mjini ameshindwa, nani kauona?" Shangazi akanitazama, akautazama mwavuli, akanitazama tena. "Anasema ng'ombe."

Nilijifunika kanga usoni. Wanawake wakadhani nalia kwa furaha, wakanipigia vigelegele. Mwalimu alikunywa chai akaenda zake kwa miguu. Mume wangu usiku ule aliniuliza ng'ombe gani, nikamwambia amuulize baba yake. Hakuthubutu. Fundi nilipomweleza habari ya shingo alijipiga paji la uso, akayatupa matofali yake mtaroni, na siku iliyofuata akayaokota, maana pikipiki ya padri iliteremka.

Basi taa zikawa taa. Nateremka nawaka buluu, nakunja kona nawaka, natoka nawaka. Nasikia majani yakichakarika, napita. Kila kitu kilikuwa kama tulivyoomba kiwe. Na mimi, mtu niliyebakiza pikipiki yangu, nikajikuta napunguza mwendo nikifika pale kwenye kalavati, nategea sikio. Hakuna kitu. Taa nzima haina la kusemwa. Nilikuwa nimeitengeneza kazi yangu vizuri mno, na nilikuwa na huzuni, kweli kabisa, kwa ajili ya ile sauti.

Ilikuja asubuhi moja ya mvua nyembamba. Nilikuwa nimeshakunja, nimeshaanza kuongeza moto, nikasikia kikohozi, nikafunga breki.

"Ile ya nyuma," sauti ikasema kutoka migombani, "ile ya chini ya kiti. Naona kama inachezacheza."

Nikashuka. Nikainama nikaitazama. Ilikuwa imetulia kabisa, inawaka buluu mfululizo, haina hata dalili. Nikaitazama tena. Kisha nikasimama, nikageuza uso wangu kwenye ukingo, nikaushika usukani, nikaukunja kushoto pole pole.

"Na sasa, baba?" nikauliza.